Pedi za bure mahali pa umma: binti asiye na hela na msafiri aliyekutwa njiani

Mjadala wa pedi za bure hukwama mapema kwa sababu wanaobishana huwa wanazungumzia shida mbili wakidhani ni moja. Mmoja anamfikiria binti wa darasa la saba ambaye nyumbani kwao hela ya pedi haipo mwezi huu na haitakuwepo mwezi ujao. Mwenzake anamfikiria mwanamke aliyepanda basi Mwanza alfajiri akienda Dar es Salaam, hela anayo kwenye pochi, lakini siku zake zimemkuta Singida, siku 4 kabla ya alivyohesabu. Wa kwanza anahitaji ugavi wa kila mwezi, miaka nenda miaka rudi. Wa pili anahitaji pedi moja tu, ndani ya choo alichoingia, kabla dereva hajapiga honi. Pedi moja ya dharura haimsaidii wa kwanza. Mpango wa kugawa pakiti shuleni haumfikii wa pili hata kidogo.

Nchi nyingi zimechagua kumhudumia mmoja wao na kumsahau mwenzake, halafu lawama zikaendelea na watu wakasema sera imeshindwa. Kabla ya kusema imeshindwa, inafaa tujue ilimlenga nani. Naanza na nchi iliyojaribu kuwabeba wote wawili kwa sheria moja.

Sheria ya Scotland inasema nini hasa

Novemba 24, 2020, bunge la Scotland lilipitisha kwa kauli moja sheria ya kutoa bidhaa za hedhi bila malipo. Ilianza kutumika kikamilifu Agosti 15, 2022, na hakuna nchi iliyotangulia kuifanya huduma hii kuwa haki ya kisheria kwa kila anayeihitaji. Aliyeibeba hoja hiyo bungeni ni Monica Lennon wa chama cha Labour, na aliibeba kwa miaka kadhaa kabla serikali haijamuunga mkono.

Habari zilizotufikia huku zilisema kwa kifupi kwamba Scotland pedi ni bure, na wengi wakabaki na picha ya boksi ndani ya kila choo cha nchi nzima. Sheria haikuandikwa hivyo. Inaibana halmashauri: ni lazima ihakikishe kwamba yeyote anayehitaji bidhaa hizi katika eneo lake anazipata bure. Wapi ziwekwe, halmashauri inaamua yenyewe, ila iwaulize kwanza watumiaji na iuweke mpango wake hadharani. Shule, vyuo vya kati na vyuo vikuu navyo vimepewa wajibu wao. Bidhaa ziwe rahisi kupatikana, ziwe za aina zaidi ya moja ili mtu achague, na zitolewe kwa namna inayolinda heshima ya anayezichukua. Hilo la heshima, kwa maoni yangu, ndilo lililoitofautisha sheria hii na misaada tuliyoizoea. Hakuna anayeulizwa kipato cha nyumbani kwao, na hakuna anayetakiwa kuthibitisha kwamba ni maskini. Ukihitaji, unachukua.

Kwa vitendo, ukiingia maktaba au ukumbi wa jamii utakuta pedi na tamponi (zile zinazoingizwa ukeni) zimewekwa mahali pa wazi, na mtu anaweza kuchukua za kwenda nazo nyumbani. Ipo hata programu ya simu, PickupMyPeriod, inayoonyesha kituo kilicho karibu nawe. Binti asiye na hela na msafiri aliyekutwa njiani wanahudumiwa na sehemu ile ile.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba sheria ilikuja mwishoni. Mwaka 2017 yalifanyika majaribio jijini Aberdeen kwa wanawake wa kipato cha chini. Mwaka 2018 serikali ikatoa pauni milioni 5.2 ili shule, vyuo na vyuo vikuu viweke bidhaa hizo kwa wanafunzi wapatao 395,000. Mwaka huo huo halmashauri ya North Ayrshire ikaziweka kwenye majengo yake yote ya umma bila kusubiri kulazimishwa. Wabunge walipopiga kura walikuwa wanaridhia jambo ambalo tayari watu walishaliona likifanya kazi.

Hata hivyo ubishi wa gharama ulikuwa mkali. Lennon alikadiria pauni milioni 9.7 kwa mwaka. Serikali ikasema ni zaidi ya milioni 24. Pande zote mbili zilijua idadi ya wanawake na bei ya pedi, lakini hazikukubaliana juu ya tabia za watu: mwanamke anayejimudu ataacha kununua dukani kwa sababu maktabani zipo za bure? Anayedhani wengi wataacha atapata hesabu kubwa, na anayedhani wachache wataacha atapata ndogo. Sheria ilipopitishwa, makadirio yaliyotumika yalikuwa karibu pauni milioni 8.7 kwa mwaka. Ubishi huo huo utazuka popote hoja hii itakapopelekwa, Dodoma ikiwemo, kwa hiyo ni vizuri kujua mapema kwamba kiini chake ni kukisia watakaochukua.

Kwingine wamechagua upande mmoja. Mji wa Ann Arbor, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulipitisha amri mwishoni mwa 2021 kwamba vyoo vyote vinavyotumiwa na umma mjini humo viwe na pedi na tamponi za bure, pamoja na sabuni na karatasi. Huo ni mpango wa dharura, wa yule msafiri. Catalonia, nchini Hispania, ikaenda upande wa pili: tangu Machi 2024 wanawake wapatao milioni 2.5 wana haki ya kuchukua kwenye maduka ya dawa kikombe cha hedhi (kikombe laini kinachovaliwa ukeni kukinga damu, kikaoshwa na kutumika tena), chupi ya hedhi au pedi za kufua, bila malipo. Huo ni ugavi wa kudumu, na ukikutwa njiani hauna cha kukusaidia.

Kenya: sheria nzuri na kabati lililofungwa

Kenya ilianza mapema kuliko wengi. Mwaka 2004 iliondoa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye sodo, kama pedi zinavyoitwa kule, wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinazitoza. Kuanzia 2011 serikali ikawa inatenga fedha za kuwanunulia wanafunzi wa maeneo yenye umaskini. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi: kila msichana aliyesajiliwa katika shule ya umma na aliyebalehe apewe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, na shule iwe na njia salama ya kuzitupa.

Kwa maneno ya kisheria, hapo Kenya ilikwenda mbali, maana neno "za kutosha" limeandikwa. Lakini soma tena ni nani mwenye haki: msichana aliyesajiliwa katika shule ya umma. Aliyeacha shule hayumo. Aliyemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani akisubiri hayumo. Anayesoma zile shule za binafsi za bei nafuu zilizojaa mitaa ya Nairobi kama Kibera na Mathare hayumo. Na yule aliyemo, likizo ya Agosti na Desemba ikifika, hedhi haiendi likizo.

Kisha kuna safari ya pakiti yenyewe. Sodo zinanunuliwa kwa zabuni, zinasafirishwa hadi kaunti, zinafika shuleni, zinapokelewa na mwalimu, ndipo zimfikie mwanafunzi. Mradi wenyewe umehamishwa kutoka Wizara ya Elimu kwenda idara inayoshughulikia jinsia, na baadaye ugawaji ukapitishwa kwa wabunge wawakilishi wa wanawake wa kaunti. Kila mkono unaoongezeka ni mahali pengine pa kukwama. Pakiti zikija muhula wa kwanza zisije wa pili, msichana hawezi kuzitegemea, na kitu usichoweza kukitegemea hukipangii maisha yako.

Hata zikifika, angalia zinakaa wapi. Katika shule nyingi, za Kenya na za kwetu, pedi za dharura zimo kwenye kabati la mwalimu wa malezi, na ufunguo anao yeye. Msichana amehisi ubichi katikati ya kipindi cha hesabu. Anyooshe mkono, aombe ruhusa, mwalimu wa kiume amuulize anaenda wapi. Avuke uwanja akiwa amejifunga sweta kiunoni, na ukimwona binti amejifunga sweta kiunoni saa sita za jua unajua kuna nini. Afike ofisi ya walimu, wamo watu wanane, amtafute mwalimu wa malezi kwa macho, kama hayupo, aulizwe, "Unataka nini?" Wengi wanaona ni heri wabaki wamekaa kwenye dawati hadi wenzao watoke wote. Shule hiyo kwenye ripoti inahesabiwa kuwa ina pedi.

Septemba 2019, miaka 2 baada ya sheria kusainiwa, msichana wa miaka 14 katika kaunti ya Bomet alijitoa uhai. Mama yake aliviambia vyombo vya habari kwamba mwalimu alimuita mchafu na kumtoa darasani baada ya sare yake kuchafuka, na kwamba hakuwa na pedi siku ile. Wabunge wanawake walikwenda wizarani kudai majibu. Sheria ilikuwepo.

Na Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia ukumbi wa Seneti jijini Nairobi akiwa na suruali nyeupe yenye doa jekundu. Alisema hedhi ilimkuta, na kwa kuwa amekuwa akipinga aibu inayobebeshwa wanawake, hakuona sababu ya kujificha. Wenzake walilalamika, wanawake wakiwemo, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe nguo ndipo arudi. Tumuache kidogo Orwoba na siasa zake, tutazame jambo lenyewe: hedhi humkuta hata seneta mwenye mshahara, gari na msaidizi. Hoja ya mahali pa umma haihusu umaskini peke yake. Inahusu mwili usiopiga hodi.

Kodi, na ile Sh 360

Tanzania tuliingia kwenye mjadala huu kwa mlango wa kodi. Juni 2018 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alitangaza kwenye bajeti kusamehe VAT kwenye taulo za kike. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, msamaha ukafutwa. Maelezo yalikuwa kwamba bei haikushuka na nafuu iliishia kwa wafanyabiashara. Badala yake serikali ikapunguza kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka 2 kwa wawekezaji wapya watakaojenga viwanda vya taulo hizo.

Wengi walihitimisha kwamba wafanyabiashara ni walafi, basi. Hesabu inaonyesha zaidi ya hapo. Chukua pakiti ya Sh 2,000 kabla ya kodi. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh 2,360. Kodi ikiondoka, mteja anasubiri bei irudi 2,000, yaani nafuu ya Sh 360. Lakini kusamehewa VAT si sawa na kutozwa kwa kiwango cha sifuri. Kwenye kiwango cha sifuri mwenye kiwanda anadai arudishiwe VAT aliyolipa kwenye malighafi, vifungashio na umeme. Kwenye msamaha hana haki ya kudai. Kodi hiyo anaiingiza kwenye gharama zake, na hatimaye mteja anailipa bila kuiona kwenye risiti. Kwa hiyo tangu mwanzo ile 360 isingefika yote dukani. Kuna na mzigo wa zamani ulionunuliwa kwa bei ya zamani, kuna msambazaji wa mkoa, kuna muuza duka la mtaani ambaye bei zake zinapanda na kushuka kwa mia tano tano. Afrika Kusini iliposhughulikia suala hili Aprili 2019 ilichagua kiwango cha sifuri, na nadhani walichagua vizuri.

Mimi naona mwaka mmoja ulikuwa mfupi mno kuipima hatua ile, na kuifuta mapema lilikuwa kosa. Lakini hata kama yote 360 ingemfikia mteja, ingemsaidia mwenye Sh 2,000 mkononi. Binti ambaye hana hata mia, pakiti ikiuzwa 2,360 au 2,000, kwake ni kitu kimoja. Punguzo la kodi na pedi za bure ni dawa za magonjwa mawili.

Je, shule zinunue zenyewe kwa fedha za elimu bila malipo? Turudi kwenye hesabu. Mwanamke hubadilisha pedi kila baada ya saa 4 hadi 8, na hedhi huchukua siku 3 hadi 7, kwa hiyo pakiti moja ya pisi 8 wengi haiwamalizii mwezi. Tuchukue pakiti 2. Kwa bei ya rejareja ya karibu Sh 2,000, hiyo ni Sh 4,000 kwa mwezi na Sh 48,000 kwa mwaka. Kiwango cha ruzuku kilichowekwa kwa mwanafunzi ni Sh 10,000 kwa mwaka shule ya msingi na Sh 25,000 sekondari, na ndani yake kuna chaki, vitabu, mitihani na ukarabati. Hata ukinunua kwa jumla kwa nusu bei, za mwaka mzima zinakula karibu ruzuku yote ya sekondari na kuipita ya msingi zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mwalimu mkuu akiambiwa atoe pedi kwenye ruzuku, anachoweza kufanya kwa uaminifu ni kuweka za dharura. Ugavi wa mwezi unahitaji fungu lake, na tusiwatwishe walimu wakuu lawama kwa fungu ambalo hawajapewa.

Hoja ya utoro

Kuna takwimu utaikuta kila Mei 28, Siku ya Hedhi Duniani: msichana 1 kati ya 10 Afrika hukosa shule akiwa kwenye hedhi. Imenukuliwa kwa miaka mingi, mara ikisemwa ni ya shirika hili la Umoja wa Mataifa, mara lile. Ushahidi uliopimwa kwa makini una sura nyingi kuliko hiyo.

Nchini Nepal, wilayani Chitwan, watafiti Emily Oster na Rebecca Thornton walifuatilia mahudhurio ya wasichana siku kwa siku na kuwapa baadhi yao vikombe vya hedhi. Waligundua kwamba hedhi ilimkosesha msichana chini ya siku moja kwa mwaka wa shule, na vikombe havikubadilisha mahudhurio. Wilayani Kamuli, Uganda, utafiti uliochapishwa 2016 ulihusisha shule 8, baadhi zikipewa pedi za kufua, baadhi elimu ya balehe, baadhi vyote viwili. Shule zilizopewa chochote kati ya hivyo zilikuwa na mahudhurio bora kwa karibu asilimia 17 kuliko ambazo hazikupewa kitu. Zingatia kwamba hata elimu peke yake, bila pedi, ilionyesha nafuu. Siaya, magharibi mwa Kenya, utafiti wa mwanzo kwenye shule za msingi haukuona tofauti ya walioacha shule kati ya waliopewa pedi au vikombe na wasiopewa, lakini maambukizi ya magonjwa ya zinaa yalikuwa madogo kwa waliopewa.

Hilo la mwisho lina uzito ambao takwimu za utoro haziubebi. Kwenye utafiti mwingine wa eneo hilo hilo, uliochapishwa 2015, karibu 1 kati ya 10 ya wasichana wa miaka 15 walisema wameshawahi kufanya ngono ili wapate hela ya pedi. Anayeleta hela ni mwanaume mkubwa, na binti hana sauti ya kudai kondomu. Ukiuliza tu kama alikuja shule Jumanne, jibu litakuwa alikuja. Hutajua alikuja kwa gharama gani.

Ndiyo maana sipendi kuona hoja nzima ya pedi ikitundikwa kwenye msumari wa utoro. Siku mfadhili akipima mahudhurio na kukuta hayajapanda, atafunga mradi na kusema pedi hazina faida, wakati wasichana walikuwa wanakuja shule wakiwa wameweka vipande vya godoro na kukaa saa 8 bila kusimama. Hatupimi sabuni ya vyoo vya hospitali kwa idadi ya wagonjwa waliowahi foleni.

Hoja ya utoro imefanya jambo jingine pia: imewafanya wenye hedhi wote waonekane ni wanafunzi. Mama lishe wa Kariakoo anaanza kazi saa kumi alfajiri na choo chake ni cha sokoni. Mwanamke mwenye uvimbe kwenye kizazi anaweza kumaliza pakiti kwa siku moja. Mama aliyejifungua anatoka damu kwa wiki kadhaa, na kwenye orodha ya vitu anavyoambiwa aje navyo hospitali, pamoja na khanga na mpira wa kutandika kitandani, zimo pedi. Mfungwa hana duka la kwenda. Hawa hakuna shule itakayowafikia.

Choo cha stendi

Tukizungumzia mahali pa umma hapa kwetu, tuzungumzie mahali ambapo watu wapo kweli. Maktaba hatunazo za kutosha. Tuna stendi, masoko, vivuko, zahanati, mahakama, ofisi za kata. Na kwa stendi na masoko tuna msaada ulio tayari: mhudumu anayekaa mlangoni siku nzima.

Unamjua. Yuko kwenye stuli, mbele yake meza ndogo yenye bakuli la sarafu, karatasi za chooni zilizokatwa na kukunjwa vipande vipande, na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa sabuni ya maji, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Unalipa 200, 300 au 500 kutegemea na mji. Nyuma yake yupo mzabuni anayekusanya, na nyuma ya mzabuni ipo halmashauri iliyompa mkataba. Hela ipo, mtu wa kujaza boksi yupo, na mkataba upo.

Tufanye hesabu ya kukisia, msomaji aibadilishe apendavyo. Choo cha stendi kubwa kinachoingiza watu 1,000 kwa siku kwa Sh 300 kinapata Sh 300,000. Tuseme nusu ni wanawake, na katika kila wanawake 50 mmoja amekutwa bila pedi. Hao ni 10. Pedi moja ikinunuliwa kwa jumla kwa Sh 200, gharama ya siku ni Sh 2,000, chini ya asilimia 1 ya makusanyo. Ukisema nimekisia kidogo na wachukuaji ni mara 5, inakuwa Sh 10,000, bado ni kama asilimia 3. Mzabuni anaweza kuibeba hiyo endapo ataijua kabla ya kuweka bei yake ya zabuni. Akiletewa katikati ya mkataba atakataa, na atakuwa na haki.

Wasiwasi wa kwanza utakaousikia ni kwamba zitachukuliwa zote asubuhi zikauzwe. Unajibika. Pedi zilizofungwa moja moja hazina soko kama pakiti iliyofungwa kiwandani. Kuna na maboksi yanayotoa moja na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kutoa nyingine. Wiki za mwanzo zitaisha haraka kuliko ilivyopangwa, na hapo ndipo mipango mingi hufa kwa sababu msimamizi anaona anaibiwa. Mwanamke anayechukua 2 za akiba hajaiba. Amezoea kukosa.

Wasiwasi unaonisumbua mimi zaidi ni taka. Pedi nyingi za kutupa zina plastiki na haziozi. Zikitumbukizwa kwenye choo cha shimo, shimo linajaa mapema na gharama ya kulinyonya inapanda. Waulize vyura wa Dar es Salaam, vijana wanaoshuka mashimoni kwenye mitaa ambayo gari la majitaka haliingii: pedi na vitambaa ni kati ya vitu wanavyovitoa kwa mkono kabla pampu haijaweza kuvuta. Kwa hiyo kuweka pedi bila kuweka ndoo yenye mfuniko ndani ya kila chumba cha choo, na mtu wa kuimwaga, na kichomea taka au gari la taka linalofika kweli, ni kumhamishia mzigo kijana wa shimoni.

Pedi za kufua zinapunguza taka, na kwa binti wa nyumbani zinaweza kuwa jibu zuri la ugavi, zikitengenezwa na vikundi vya akina mama vinavyopata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Lakini zinataka maji, sabuni na jua. Binti anayezianika chini ya godoro kwa kuogopa kaka zake atazivaa mbichi. Na kwa msafiri wa Singida hazina maana yoyote. Mwongozo wetu wa huduma za maji na vyoo shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na chumba cha kujisitiri chenye maji. Rwanda nao wana chumba cha msichana kwenye shule zao, chenye kitanda, pedi na dawa ya maumivu. Pale ambapo chumba hicho kipo na ufunguo hauko mfukoni mwa mtu, pedi inafanya kazi yake.

Kwa vyoo vya stendi na soko, kipengele cha zabuni hakihitaji kuwa kirefu. Pedi ziwe ndani, upande wa wanawake, si mezani kwa mhudumu ambako foleni nzima inaona. Mhudumu wa upande huo awe mwanamke. Ndoo yenye mfuniko iwe kwenye kila chumba. Boksi likikutwa tupu na mkaguzi, ihesabiwe kama choo kukutwa bila maji. Na anayekuja kwa dharura hiyo bila hata ile 300 ya mlangoni aingie.

Kata na mitaa huanza kukusanya mapendekezo ya bajeti miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na madiwani hupitisha makadirio miezi ya mwanzo wa mwaka. Ukimfuata diwani mwezi Mei ukiwa na hoja ya zabuni ya vyoo, atakusikiliza kwa adabu, lakini makadirio yatakuwa yameshaondoka mezani kwake.